Orpa Naye Alilia

Siku ya maziko ya mumewe, mchungaji alimpa jina jipya mbele ya watu wote, wala hakumwuliza kama analitaka.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti. Mtu mkimya, mwenye mikono iliyonukia grisi hata akitoka kuoga, na mzaha wake ulikuwa mmoja tu: kwamba yeye kazi yake ni kuwapandisha watu juu kabla hawajafa. Asubuhi moja aliingia chini ya lifti ya jengo la ofisi kutazama breki iliyokuwa ikilalamika. Alizima umeme, akatundika kibao cha onyo. Mtu fulani huko juu, mwenye haraka zake, akauwasha. Hakuna aliyejitokeza kusema ni mimi, na kesho yake jengo lilifunguliwa kama kawaida.

Aliacha wanawake wawili. Wa kwanza ni mama yake mzazi. Mtaa mzima ulimwita Mkunga, kwa kuwa ndiye aliyewapokea watoto wa pale mwaka nenda mwaka rudi, mpaka macho yakamwingia ukungu na kazi ikamshinda. Aliyewapokea watoto wa watu hadi vidole vikakakamaa, yeye mwenyewe alijaliwa mmoja tu, na huyo mmoja ndiye waliyemfukia siku ile. Wa pili ni mke wa marehemu. Huyu alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, upande wa kunyoosha shuka na mashati ya wageni. Wenzake walimwita Pasi, kwa ajili ya kazi yake na kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuchemka. Hakuwa amejaliwa mtoto.

Mchungaji alihubiri Kitabu cha Ruthu. Akasimulia habari za Naomi, aliyefiwa na mume ugenini, kisha wanawe, akabaki na wakwe wawili wa kike. Mmoja, Orpa, akarudi kwao. Mwingine, Ruthu, akamng'ang'ania mkwewe na kuapa kwamba hatamwacha hadi kaburini. Hapo mchungaji akanyoosha mkono kumwelekea Pasi, aliyekuwa ameshika kiwiko cha Mkunga asije akajikwaa kwenye udongo uliofukuliwa.

"Msiende mbali kumtafuta Ruthu," akasema. "Ruthu wetu ni huyu hapa."

Watu wakaitikia. Wanawake wakafuta macho. Tangu siku ile Pasi akawa Ruthu dukani, kanisani, hata kazini kwenye mvuke na kelele za mashine. Jina lilimkaa kama gauni la kuazima: zuri machoni pa watu, linabana kwapani.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule nyembamba. Ovaroli ya marehemu ilibaki nyuma ya mlango wa jikoni, hakuna kati yao aliyethubutu kuigusa. Mkunga alishinda kwenye kiti karibu na dirisha, akihesabu wapita njia kwa miguu yao: huyu anachechemea, huyu amenunua viatu vipya, huyu anamkwepa mwenye nyumba. Pasi akirudi kazini hupika, hula, huosha vyombo, kisha huketi chini ya taa na kumsomea mama mkwe wake Biblia, maana mwenyewe hakuweza tena kuona hata herufi kubwa.

Mkunga alipenda vitabu vya kale, vile vya Waebrania. "Kule mbele watu wanafurahi mapema mno," alisema. "Huku nyuma wanalia bila kuona haya, na Mungu anawasikiliza bila kuwakatiza."

Alikuwa na sheria yake. Sura ikiisha, kila mmoja aseme amekutana na nini humo kinachomhusu yeye, si jirani wala wana wa Israeli. "Kila kitabu kina mlango wako," alimwambia Pasi. "Usipoupata, umeingilia dirishani kama mwizi."

Walianza na Ayubu. Pasi alitaka wafike haraka mwishoni, pale anaporudishiwa mali na kupata watoto wengine. Mkunga akamkatalia.

"Mwisho tunaujua. Rudi pale anapoilaani siku aliyozaliwa."

Pasi akarudi, akasoma.

"Enhe," mama mkwe akasema. "Nimepokea watoto wengi, mwanangu. Sijawahi kumwona anayetoka akicheka. Ayubu alikumbuka tu."

"Na hawa rafiki zake, Mama?"

"Walipokaa naye chini wakanyamaza, walikuwa marafiki. Walipofungua midomo ndipo wakawa majirani."

Kicheko kikamponyoka Pasi, cha kwanza tangu maziko, akakiziba kwa kiganja kana kwamba ameiba kitu. Kisha ikawa zamu yake kusema. Akafikiri. Akasema kinachomkera ni kwamba Mungu alipokuja mwishoni, akaongea habari za bahari na nyota na wanyama wa porini, lakini Ayubu hakuambiwa sababu.

"Hakuletewa sababu," Mkunga akasema. "Aliletewa Mungu mwenyewe."

"Mimi ningetaka jina la aliyewasha ule umeme."

Kidole cha mama mkwe kikapita kwenye pindo la kitenge, kikienda na kurudi.

"Hata mimi," akasema.

Wakaishi hivyo miezi kadhaa, wawili waliofungwa kwa kamba ya msiba mmoja, na kama si upendo basi kilikuwa kitu kinachofanana nao.

Simu ilikuja mchana mmoja Pasi akiwa kazini. Alitoka kuipokea uani, kwenye bomba linalotema mvuke. Alikuwa mdogo wake wa kike, fundi cherehani aliyekuwa akiishi na mama yao katika mji wao, safari ya siku nzima kutoka pale.

"Dada, mama ameanguka."

Kilikuwa kiharusi. Upande wa kulia wote umelala, ulimi umekuwa mzito. Hospitali wamemtazama, wamempa dawa, wamemrudisha nyumbani.

"Namgeuza peke yangu," mdogo wake akasema. "Mgongo wangu umekwisha. Cherehani siigusi. Unakuja lini?"

"Nitakuja."

"Nimekuuliza lini."

"Nikipata mtu wa kukaa na mama mkwe. Haoni, unajua."

"Kwani huyo ndiye aliyekuzaa?"

Jioni ile Pasi alirudi na maneno yamepangwa mdomoni. Aliyaosha pamoja na vyombo, akayapanga upya, akaja nayo sebuleni. Lakini Mkunga, ambaye tangu macho yafifie alisikia mpaka kile mtu anachokusudia kusema, akamwahi.

"Leo nisomee Ruthu."

Pasi akafungua. Alipoanza na njaa iliyowahamisha watu wale kwao, mama mkwe akapunga mkono. "Ruka hayo. Njaa na misiba tunayo yetu. Anzia pale binti anapoapa."

Akaanzia hapo. Sauti yake ilitoka kavu. Alipomaliza, Mkunga akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyelewa kwa muziki, akasema, "Soma tena." Na kesho yake, Ruthu. Na keshokutwa, Ruthu, kuanzia kwenye kile kiapo. Sheria ya kutafuta mlango wako ikasahauliwa. Mlango ulikuwa umeshachaguliwa, na mama mkwe ameukalia.

Jumamosi moja mchungaji alikuja kuwatembelea, pamoja na wanawake wawili wa kanisa waliobeba sukari na sabuni. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti ya kubembeleza na soksi zilizotoboka kisigino. Walipokwisha kuomba, Pasi alimimina chai, akauliza bila kuinua macho:

"Mchungaji, Orpa alikosa nini?"

"Orpa?" Mchungaji akaweka kikombe chini. "Kukosa... Maandiko hayasemi alikosa. Yanamwacha njiani, basi. Hatajwi tena."

"Kwa hiyo hayamlaumu."

"Hayamlaumu. Lakini, binti yangu," akatabasamu, "ushawahi kusikia mtu anamwita mtoto wake Orpa?"

Wanawake wale wakacheka, mmoja akampigapiga Pasi begani. Pasi akakusanya vikombe ambavyo havikuwa vitupu bado, akaenda navyo jikoni. Mkunga hakucheka. Aligeuza uso wake kuelekea jikoni, akauacha huko mpaka wageni walipoaga.

Jioni hiyo, alipoambiwa asome, Pasi hakuanzia kwenye kiapo. Alisoma mstari ulio nyuma yake, ule ambamo Orpa anambusu mkwewe na kuondoka. Akafunga kitabu juu ya kidole chake.

"Mama, mimi ni huyu."

Mkunga hakusogea.

"Mama yangu amepooza upande mmoja. Mdogo wangu anamgeuza peke yake. Nimenyamaza muda wote huu kwa sababu sijui nikuache na nani. Watu wote wananiita Ruthu, na mimi kila siku moyo wangu uko barabarani unarudi kwetu."

Angeweza kujibiwa mambo mengi. Mama mkwe yule alikuwa na huruma ya kutosha wanawake wa mtaa mzima; alishawahi kuvua kanga yake mwenyewe kumfunika mtoto wa mwanamke aliyemtukana. Lakini mwenye kidonda hajui kupokea hodi, na hofu ikaongea badala yake.

"Ulikuwa unangoja mwanangu aoze kwanza?"

"Mama!"

"Nenda. Mimi nitapapasa kuta. Mwanangu kaenda, macho yameenda, na wewe nenda. Kwani ni nini kimebaki hapa cha kukuweka?"

"Siendi, Mama," Pasi akasema, na machozi yakamdondokea kwenye mikono. "Nimesema tu. Siendi."

"Basi usiniletee habari za kwenda."

Akabaki. Watu waliendelea kumsifu. Msimamizi wake kazini aliwaambia wasichana wapya wamtazame yeye kama mfano. Mdogo wake aliendelea kupiga simu, kisha akapunguza, kisha akawa hasemi naye tena. Akipiga, humwekea mama yao simu sikioni na kuondoka. Pasi alisikia pumzi nzito, na katikati ya pumzi vipande vya maneno visivyoungana. Alijibu, "Ndiyo, Mama. Ndiyo, Mama," bila kujua anakubali nini.

Halafu alichagua kitabu mwenyewe. Hakuuliza. Alifungua Yona, akaanza kusoma kwa sauti, na Mkunga akamwacha. Mtu aliyetumwa upande mmoja akapanda chombo kinachokwenda upande mwingine, akashuka chini kabisa, akalala usingizi wakati bahari inapasuka juu yake. Alipomaliza sura ya kwanza, Pasi alikumbuka ile sheria.

"Mlango wangu ni huu," akasema. "Nimepanda chombo cha kwenda siko. Tofauti yetu ni kwamba mwenzangu walimtupa majini. Mimi nilipo, abiria wananipigia makofi."

"Umeshiba maneno leo," mama mkwe akasema. "Funga."

Pasi akafunga, akainuka kuzima jiko. Alipofika mlangoni sauti ya Mkunga ikamfuata, ndogo kuliko alivyoizoea.

"Ukienda, utarudi?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo.

"Sijui, Mama."

 Mkunga akasema, "Subiri mwezi uishe. Mtoto wa kaka yangu na mkewe wanahama walipo. Nitawaomba waje wakae hapa. Mwezi ukiisha uende."

Ilikuwa ruhusa, nayo ilimgharimu mwenye kuitoa. Pasi alimpigia mdogo wake papo hapo. "Mwisho wa mwezi," akamwambia. "Mwambie mama nakuja mwisho wa mwezi."

Mama yake hakuungoja mwezi uishe.

Habari ilimkuta Pasi amesimama kwenye meza ya kunyoosha, shuka ya kitanda kikubwa imetandazwa mbele yake. Mdogo wake alisema maneno mawili tu na kukata. Pasi aliirudisha simu mfukoni, akaendelea na ile shuka. Aliinyoosha mpaka pembe ya mwisho, akaikunja, akaiweka juu ya zenzake, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya na mikono. Msimamizi alipomwona usoni akamfuata, akamvua aproni yeye mwenyewe kama anavyovuliwa mtoto.

Mkunga alisikia miguu yake kabla hajaingia.

"Umerudi mapema. Nani?"

"Mama yangu."

Pasi alipita hadi chumbani akaanza kutupa nguo ndani ya begi. Alitupa nguo asizozihitaji. Alitupa mpaka foronya. Kisha akasimama, na ule mchemko wake wa zamani, uliokuwa umelala tangu maziko ya mumewe, ukapanda. Akarudi sebuleni, akaichukua Biblia juu ya kabati, akavuta kigoda mbele ya mama mkwe wake wakakaa magoti kwa magoti.

"Sikiliza, Mama. Sikiliza sehemu unayoniambia niiruke kila siku."

Akasoma sura ile ya Ruthu kutoka mwanzo. Akasoma njaa. Akasoma misiba. Akafika pale wajane watatu wako njiani, na Naomi anasimama, anawageukia wakwe zake, anawaambia warudi, kila mmoja nyumbani kwa mama yake. Hapo sauti ikamkatika, akarudia. Nyumbani kwa mama yake. Anawaombea mema. Anawabusu, na wote wanalia kwa sauti. Wanakataa. Naomi anawaambia tena warudi. Anawaambia tena.

"Aliwasihi, Mama! Hakuwafungia mlango. Orpa hakumtoroka mtu. Alilia, akalia tena, ndipo akafanya alichoombwa. Angekuwa na mkwe kama..." Akajizuia. Alikuwa amelelewa vizuri, na malezi yalimbana hata pale. "Mimi sikuombwa nirudi," akamalizia. "Niliambiwa nisubiri."

Mkunga alikaa kama aliyepigwa. Mikono yake mikubwa, iliyoshika vichwa vya watoto wengi kabla havijaguswa na mtu mwingine yeyote duniani, ililala mapajani imekufa ganzi.

"Nilikisoma kitabu hiki nilipokuwa na macho," akasema. "Nimekisoma sijui mara ngapi. Maneno hayo niliyapitisha wapi?"

Pasi akafunga kitabu.

"Nitafutie viatu vyangu."

"Vya nini?"

"Naenda kumzika mkwe mwenzangu."

"Mama, safari ni siku nzima. Hutaiweza."

"Nimeshawafuata wanawake gizani, kwenye mvua, bila taa wala mtu wa kunishika, na nilifika. Nitafutie viatu."

Wakasafiri. Pasi alikaa dirishani, na mama mkwe pembeni yake na begi mapajani. Njia nzima hawakuzungumza ila mambo ya maji na haja. Mara moja tu, Pasi aliposhtuka kutoka usingizini, alikuta mkono wa Mkunga umeshika upindo wa sweta yake, umeushika kwa vidole viwili tu, kama mtu asiye na hakika kama anaruhusiwa.

Nyumbani kwao maturubai yalikuwa yameshafungwa uani, na viti vya kukodi vimejaa. Mdogo wake alitoka mlangoni. Alikuwa amekonda, mgongo umepinda upande kidogo. Alimtazama dada yake, akampita, akaenda kusogeza kiti ambacho hakikuhitaji kusogezwa. Watu waliona. Shangazi mmoja akakohoa.

Mazishi yalikwenda kama yanavyokwenda. Pasi alitupa udongo wake. Hakulia, machozi yalikuwa yamekwama mahali, kama kitu kilichokwama kwenye bomba, na aliwasikia wanawake nyuma yake wakinong'ona kwamba amekuwa mgumu huko ukweni.

Jioni, watu walipopungua, Mkunga alimwomba Pasi ampeleke alipo mdogo wake. Walimkuta jikoni anafuta sufuria. Bibi yule alisimama, akipapasa hewa mpaka akagusa ukingo wa meza.

"Mwanangu," akasema, "aliyemzuia dada yako ni mimi. Alitaka kuja. Hasira zako zilete huku kwangu."

Yule binti hakugeuka. Aliendelea kufuta, kuzunguka, kuzunguka.

"Mama," akasema, "zinawatosha wote wawili."

Mkunga akaitikia kwa kichwa, kama aliyepewa jibu alilolitarajia. Hakuomba asamehewe. Alivuta kiti, akaomba apewe vijiko avikaushe, maana hiyo ni kazi isiyohitaji macho. Akakaa pale akikausha kijiko kimoja baada ya kingine.

Alikaa nao siku zote za msiba, mgeni asiyejulikana vizuri, kwenye mkeka wa ukutani. Siku ya mwisho, mchana, nyumba ikiwa imenyamaza, alimwomba Pasi amsomee. Pasi alidhani atataka zaburi. Akataka Maombolezo.

Pasi alisoma. Mji umekaa peke yake kama mjane. Watoto wanazimia njiani. Mtu anaomba na maombi yake yanarudishwa mlangoni. Pana mahali katikati anakumbuka kwamba rehema ni mpya kila asubuhi, na hapo Mkunga akaguna, lakini kitabu hakikai hapo. Kinarudi kwenye majivu yake. Pasi akafika sura ya mwisho, mstari wa mwisho, akageuza ukurasa kutafuta kilichobaki. Hakikuwapo. Kitabu kinafunga kwa kumuuliza Mungu kama ameshawatupa kabisa.

"Kimeisha?" Mkunga akauliza.

"Kimeisha."

"Hivyo?"

"Hivyo hivyo. Hajajibiwa."

Mama mkwe akaegemeza kichwa ukutani. "Afadhali," akasema. "Afadhali wamekiacha humo ndani. Wangeweza kukitoa."

Pasi aliinua macho, akamwona mdogo wake amesimama mlangoni na beseni la nguo, haingii, haondoki. Haikujulikana alikuwa amesikia tangu wapi. Macho yao yalipokutana, yule mdogo akaondoka.

Mtoto wa kaka yake Mkunga alikuja kumchukua. Pasi alikuwa amefunga na lake begi. Lilikuwa pale miguuni, na kwa kweli hakujua mwenyewe analibeba kwa nini. Mkunga aliligusa kwa ncha ya kiatu, akalitambua.

"Hilo lirudishe ndani."

"Mama, utabaki na nani?"

"Na hawa. Mkewe hajui kupika, lakini nitamfundisha kwa kelele." Akanyanyua mikono, akautafuta uso wa Pasi, akaupapasa kuanzia utosini kushuka kidevuni, bila haraka, kama alivyozoea kumkagua mtoto aliyetoka tumboni: macho mawili, pua, mdomo, yupo mzima. Kisha akambusu kwenye paji la uso. "Naomi aliwabusu wote wawili. Hilo nimelisikia juzi. Kaa nyumbani kwa mama yako."

"Mama mwenyewe hayumo."

"Najua," Mkunga akasema. "Na hilo ni langu. Wewe usilibebe, utajichosha bure."

Akaondoka ameshika mkono wa mtoto wa kaka yake, anaburuza miguu, hageuki nyuma, maana kugeuka kungemsaidia nini?

Kule mtaani watu walisema kwamba kumbe Ruthu alikuwa Orpa. Mkunga alimsimulia Pasi kwenye simu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na uchangamfu: alikuwa amemjibu mmoja wao kanisani, mbele ya mchungaji, asome kwanza ndipo aseme. Lakini simu zile zilizidi kuwa fupi, kwa kuwa bibi alikuwa anachoka. Mke wa yule kijana hakupenda kusoma kwa sauti. Jioni Mkunga alikaa dirishani, na huko nje miguu ikawa imemchanganya. Hakujua tena yupi ni yupi.

Pasi alipata kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali ya mji wao. Kwa mdogo wake aliishi kama mpangaji. Walisalimiana, waligawana kazi za nyumba, walikula meza moja. Hakuna aliyegusa chumba cha mama. Pasi aliendelea kusoma sura moja kila siku, kimoyomoyo sasa, akitafuta mlango, na siku nyingine hakuupata, akafunga kitabu akalala. Hakujiona mwema wala mwovu. Alijiona mtu aliyechelewa, na hakukuta katika vitabu vyote vile mahali palipoandikwa namna ya kuwahi tena.

Mvua zilipokatika, mdogo wake alisema kwamba godoro la mama litaoza lisipopata jua. Wakaingia pamoja. Chumba kilinuka dawa ya kuchua na vumbi. Pasi alikuwa ameshakamata ncha moja ya godoro mwenzake aliposema, akitazama ukuta:

"Alikuwa anakuulizia."

Pasi akaachia ile ncha. "Alisema nini?"

"Maneno yalikuwa hayatoki vizuri. Lakini kila nikitaka kumlisha, anafunga mdomo kwanza. Anauliza, 'Mwenzako amekula?' Namwambia amekula, Mama. Ndipo anafungua."

Pasi aliketi kwenye mbao za kitanda. Kilichokuwa kimekwama kikaachia, kikatoka kwa sauti mbaya, sauti ya mnyama, na mdogo wake akamwacha alie, hakumshika wala hakumwambia nyamaza. Alisimama tu pale, amelikumbatia godoro upande wake, mpaka dada yake alipofuta uso kwa mkono wa blauzi na kuinuka. Kisha wakalibeba godoro wawili, wakalipitisha mlangoni kwa ubavu, wakalitoa nje.